Saa 23 kwenda, saa 13 kurudi: safari ya Mwanza hadi Guangzhou ina urefu gani hasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninauza vyombo vya nyumbani hapa Makoroboi, Mwanza. Mwezi Oktoba nakwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza kutafuta mzigo. Mtandaoni niliandika Mwanza na Guangzhou, nikaambiwa ni kilomita 9,140, saa 10 na dakika 40 kwa ndege. Sasa wakala amenipa tiketi hii: natoka Mwanza tarehe 12 saa 16:40 na kufika Dar 18:10, naondoka Dar 23:55 na kufika Guangzhou tarehe 13 saa 15:45. Kurudi, naondoka Guangzhou tarehe 24 saa 18:30, nafika Dar tarehe 25 saa 01:10, naondoka Dar 06:00 na kufika Mwanza 07:30. Nimehesabu: kwenda ni saa 23, kurudi ni saa 13. Mume wangu anasema nimeuziwa njia ya kuzunguka. Nani anasema kweli, na kwa nini kurudi ni haraka hivyo?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile unalolitaka. Kwenda kwako ni saa 18 na dakika 5. Kurudi kwako ni saa 18 kamili. Safari zote mbili zinakaribia kulingana, na hakuna aliyekudanganya, si wakala wala mtandao. Mwambie shemeji kwamba wasiwasi wake ni wa haki, kwa sababu tiketi za kuzunguka zipo na watu huuziwa, lakini hii yako si mojawapo. Nitawaonyesha nyote wawili kwa hesabu, ili siku nyingine mpige wenyewe bila kumuuliza mtu.

Tatizo lako lote limeanzia kwenye kutoa. Umechukua 16:40 ya Mwanza, ukaitoa kwenye 15:45 ya Guangzhou, kana kwamba saa mbili hizo zimetundikwa ukuta mmoja. Kila muda unaoandikwa kwenye tiketi ya ndege ni wa mji ule ule uliotajwa pembeni yake. Mwanza na Dar zinafuata saa za Afrika Mashariki. Guangzhou inafuata saa za Beijing, kama China nzima, na hizo zimetutangulia kwa saa 5. Kwa hiyo unapotua Guangzhou tarehe 13 saa 15:45, ukampigia shemeji simu, saa ya ukutani kwenu itakuwa 10:45, yaani saa 5 kasoro robo asubuhi, na duka ndiyo kwanza limechangamka. Sasa hesabu tena kwa saa moja tu, ile ya nyumbani: kutoka 16:40 ya tarehe 12 hadi 10:45 ya tarehe 13. Unapata saa 18 na dakika 5. Kurudi fanya vivyo hivyo: 18:30 ya Guangzhou ni 13:30 ya Mwanza, na kutoka hapo hadi 07:30 ya asubuhi ya pili ni saa 18.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, maana haikudai hata ujue China imetutangulia kwa saa ngapi. Chukua hesabu yako yenye makosa ya kwenda, saa 23 na dakika 5, ujumlishe na hesabu yako yenye makosa ya kurudi, saa 13. Jumla ni saa 36 na dakika 5. Gawa kwa mbili: saa 18 na dakika mbili na nusu. Kosa lililoongeza saa 5 wakati wa kwenda ndilo hilo hilo lililopunguza saa 5 wakati wa kurudi, kwa hiyo ukijumlisha linajifuta lenyewe. Njia hii inafaa kwa safari yoyote ya kwenda na kurudi, mradi muda wa kusubiri njiani haupishani sana. Na ukitaka kujua miji hiyo imepishana saa ngapi, toa 13 kwenye 23, ugawe kwa mbili. Jibu ni 5. Tiketi yako ilikuwa inakuambia yote hayo tangu ulipoipokea.

Kwa nini zipishane saa 5 hasa? Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa. Mwanza iko karibu na nyuzi 33 mashariki, Guangzhou iko nyuzi 113, tofauti ni 80. Gawa kwa 15, unapata saa 5 na dakika 20 na kitu. Hizo ndizo saa za jua. Serikali zikazikata ziwe 5 kamili ili mambo yaende. Hata hapa nyumbani tumekubaliana hivyo hivyo: Dar iko mashariki yetu kwa nyuzi sita na robo, kwa hiyo jua huwachomozea wao kabla yetu kwa wastani wa dakika 25, lakini tunatumia saa moja. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar akilala Capri Point hushangaa kuona saa 12 na nusu asubuhi bado kuna kiza juu ya ziwa.

Sasa tuje kwenye zile kilomita 9,140, maana hapo ndipo shemeji ana hoja.

Neno umbali lina maana zaidi ya moja, na mtu wa Mwanza anajua hilo kuliko watu wengi. Nikikuuliza Bukoba ni mbali kiasi gani, utaniuliza nakwenda na nini. Ndege inayokatiza ziwa inakwenda kama kilomita 175. Basi linazunguka kupitia Geita, Chato, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400, hata baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kutuondolea foleni ya kivuko. Na MV Victoria inaondoka usiku na kukufikisha asubuhi. Bukoba ni ile ile. Kwa Dar ni hivyo pia: barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, angani ni kama 850.

Kilomita ambazo mtandao unakupa ni za namna ya ndege inayokatiza ziwa, tena za uwanja hadi uwanja: kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza kule Ilemela hadi Baiyun, uwanja wa Guangzhou ulio karibu kilomita 30 kaskazini ya katikati ya mji. Ni urefu wa uzi mfupi kabisa unaoweza kuuvuta juu ya uso wa dunia kati ya nukta hizo mbili. Juu ya uso wa dunia, nasema, wala si juu ya ramani. Ukitaka kuliona hilo, usitumie ramani ya ukutani. Nenda shule yoyote yenye tufe, ushike uzi wa kushonea, ncha moja kwenye pembe ya kusini ya Ziwa Victoria, nyingine Guangzhou, uukaze. Utaona uzi unatoka juu ya Serengeti na Kenya, unaipita Somalia, unakata bahari hadi India ya kusini, Ghuba ya Bengal, Myanmar, kisha unaingia China.

Ramani bapa ingekudanganya kwa kiasi gani? Pima. Nyuzi moja ya dunia ni kama kilomita 111. Kati ya Mwanza na Guangzhou kuna nyuzi 80.4 kwenda mashariki na 25.8 kwenda kaskazini. Ukizichukulia kama pande mbili za pembetatu ya darasani, upande wa tatu ni nyuzi 84.4, yaani karibu kilomita 9,370. Tufe linasema 9,140. Kilomita 230 zimezaliwa na karatasi tu, kwa sababu karatasi inazitandaza nyuzi za Guangzhou ziwe pana kama za kwetu hapa karibu na ikweta, wakati kwa kweli zinabanana kadiri unavyoelekea kaskazini. Na hiyo ni safari isiyokwenda kaskazini sana. Ndege ya London kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland, na abiria wengi hudhani rubani amepotea.

Tovuti moja ikikuambia 9,135 na nyingine 9,145, usihangaike. Moja imeichukulia dunia kama mpira kamili, nyingine imekumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Unalotakiwa kuhakikisha ni kwamba umechagua Mwanza yetu, kwa sababu Malawi nako kuna Mwanza, mpakani na Msumbiji. Angalia herufi tatu: uwanja wetu ni MWZ, Dar ni DAR, na Guangzhou ni CAN. Hiyo CAN haina uhusiano na Kanada. Inatokana na Canton, jina la zamani la Guangzhou kwa wageni, lile lile lililobaki kwenye Maonyesho ya Canton yanayofanyika huko kila masika na kila vuli ya China tangu 1957. Nadhani ndiyo yanayokupeleka Oktoba.

Haya, njia ya kuzunguka. Hakuna ndege ya abiria inayotoka Mwanza moja kwa moja hadi Guangzhou, kwa hiyo zile kilomita 9,140 ni za safari isiyopo. Wewe unakwenda kwanza Dar, kilomita 850, kisha Dar hadi Guangzhou, kilomita 8,710. Jumla ni 9,560. Umeongeza kilomita 420 juu ya uzi, chini ya asilimia 5. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote nilizozipima kwa ajili yako. Ungepelekwa kupitia Dar na Addis Ababa zingekuwa karibu 10,650. Dar na Dubai, karibu hizo hizo. Dar na Doha, karibu 10,870. Kila moja ya hizo ingekuteremsha mara mbili njiani na kukupandisha tena. Tiketi ya namna hiyo inaweza kuwa na bei nafuu, na kuna watu huichagua kwa sababu hiyo wakiwa na akili timamu, lakini kwa urefu wa njia wakala wako amekupa iliyonyooka.

Sasa kutoka kilomita hadi saa. Tovuti ile ilifanya jambo rahisi: iligawa 9,140 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ikapata saa 10 na dakika 40 kwa ndege isiyopo. Mimi kwa miaka niliyokuwa kwenye kazi ya kupanga safari za ndege, njia, mafuta na upepo, nilikuwa na kanuni yangu ya haraka niliyoibeba kichwani: gawa kilomita kwa 850, ongeza nusu saa. Ijaribu kwa Mwanza na Dar. Kilomita 850 kwa 850 ni saa 1, ongeza nusu, saa 1 na nusu. Tazama tiketi yako: 16:40 hadi 18:10. Ijaribu kwa Dar na Guangzhou. 8,710 kwa 850 ni saa 10 na robo, ongeza nusu, saa 10 na dakika 45. Tiketi yako, baada ya kuondoa zile saa 5, inasema saa 10 na dakika 50.

Natumia 850 ingawa ndege kubwa kama Boeing 787 husafiri angani kwa kilomita 900 kwa saa, kwa sababu ndege haifuati uzi. Inafuata njia zilizopangwa angani, inapokezwa na waongozaji wa nchi moja hadi nyingine, inakwepa wingu la radi, inakwepa maeneo ya jeshi, inazungushwa kusubiri zamu ya kutua. Kwa safari ndefu ongezeko la asilimia 3 hadi 5 juu ya uzi ni jambo la kawaida. Likifungwa anga la nchi kubwa, ongezeko linakuwa la kutisha: tangu Urusi na nchi za Ulaya zilipofungiana anga mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 na nusu hivi ilifika kama saa 13. Viwanja havikusogea hata hatua moja.

Jambo jingine ambalo abiria wengi hawaambiwi: muda wa tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na unaisha inaposimama kwenye maegesho ya kule. Kule kujikokota kwenye lami kabla ya kuruka, na kule kujikokota baada ya kutua Baiyun, uwanja mkubwa ambao hiyo pekee inaweza kula robo saa, vyote vimo ndani ya zile saa 10 na dakika 50. Na kampuni za ndege huacha akiba ya dakika kadhaa ili zisionekane zimechelewa. Kwa hiyo ukifika dakika 20 kabla ya muda, usidhani rubani alikimbiza.

Umeniuliza kwa nini kurudi ni haraka. Sasa umeona kwamba jumla si haraka. Lakini chukua kile kipande kirefu peke yake, utaona kinyume: Dar hadi Guangzhou saa 10 na dakika 50, Guangzhou hadi Dar saa 11 na dakika 40. Kurudi ni kurefu zaidi kwa dakika 50, kwa kilomita zile zile. Safari nzima ya kurudi imelingana na ya kwenda kwa sababu tu unasubiri Dar kwa muda mfupi zaidi, saa 4 na dakika 50 badala ya 5 na dakika 45.

Dakika hizo 50 ni upepo, na hapa naomba univumilie, maana ndiyo sehemu ya kazi yangu niliyoipenda kuliko zote.

Wazee wa pwani walisafiri kwa majahazi kwa kusoma pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, iliwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na India. Kusi, baada ya masika, iliwarudisha. Aliyekosa msimu alikaa mpaka upepo ugeuke, na aliyelazimisha alikwenda kwa mbisho, akipiga kona hizi na hizi dhidi ya upepo. Ndege haisubiri msimu, lakini misimu iko kule juu pia, na haifanani na ya chini. Kwenye kilomita 11 au 12 juu ya bahari, kipupwe kinapokuwa China, kuna mto wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, kusini ya milima ya Himalaya, kupitia kaskazini mwa India hadi kusini mwa China. Kwenye kitovu chake mwendo wa kilomita 200 kwa saa si jambo la ajabu. Ndege yako ya kwenda inaugusa mto huo kwenye theluthi ya mwisho, ukiisukuma mgongoni. Ya kurudi inakutana nao usoni inapotoka tu Guangzhou, ikiwa imejaa mafuta na ni nzito.

Lakini ungesafiri Julai, hadithi ingegeuka. Joto la kiangazi la Asia linausogeza mto ule kaskazini, nyuma ya nyanda za juu za Tibet, na juu ya India ya kusini unazaliwa upepo mwingine, unaotoka mashariki kuja kwetu Afrika. Kiini chake kiko juu kuliko ndege nyingi zinavyopita, lakini ndege inauhisi. Kwenye njia hii ya Dar na Guangzhou, kati ya Juni na Septemba, zile dakika za faida za kwenda huyeyuka, na kurudi kunaweza kuwa ndiyo kwepesi. Oktoba yako ni mwezi wa kupokezana, upepo wa mashariki unakufa, ule wa magharibi unarudi. Kampuni za ndege nazo hubadili ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Na hauhitajiki upepo mkubwa kuleta dakika 50. Chukua ndege ya mwendo wa 900. Ipe upepo wa wastani wa kilomita 40 tu kwa saa mgongoni kwa njia nzima: inakwenda kwa 940, na kilomita 8,710 zinaisha kwa saa 9 na dakika 16. Upepo huo huo uwe usoni: inakwenda kwa 860, inatumia saa 10 na dakika 8. Tofauti ni dakika 52. Kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa daladala barabara ikiwa nyeupe.

Sasa niache hesabu za angani, nikushike mkono kwenye jambo linalowaumiza Waswahili wengi kuliko upepo: kuisoma saa ya tiketi. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ili kuigeuza, toa 6. Ikiwa namba iliyo kabla ya nukta mbili ni 19 au zaidi, toa 18. Na ikiwa iko chini ya 7, ongeza 6. Kwa hiyo 16:40 ni saa 10 na dakika 40 jioni. 23:55 ni saa 5 na dakika 55 usiku. 01:10 ni saa 7 na dakika 10 usiku. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, kabla hujafunga begi.

Lakini tarehe ndiyo inayoumiza zaidi. Niliwahi kumpokea kaunta baba mmoja aliyetoka mbali na watoto wawili, tiketi yake imeandikwa tarehe 9, saa 00:40. Alifika tarehe 9, saa 3 usiku, mapema kwa adabu kabisa, mizigo imefungwa kamba. Ndege yake ilikuwa imeondoka saa 20 zilizopita. Aliniangalia, akaitazama tiketi, akaniambia, “Lakini leo si ndiyo tarehe 9?” Ndiyo ilikuwa tarehe 9. Sikuwa na la kumpa zaidi ya kiti. Tangu siku hiyo kila mtu anayeniletea tiketi namwuliza kwanza kama kuna muda unaoanza na sifuri. Kwa lugha yetu 00:40 ya tarehe 9 ni usiku wa kuamkia tarehe 9: unatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 8. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa huwa na maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa, na kwa tiketi ya ndege wao ndio wanaoisoma sawasawa.

Wewe umenusurika kwa dakika 5 tu, maana 23:55 bado ni tarehe 12. Kampuni ikikutumia ujumbe kwamba ndege imesogezwa nusu saa mbele, tiketi itasomeka 00:25 tarehe 13, na usiku ni ule ule. Usije ukafikiri umeongezewa siku.

Kuhusu zile saa karibu sita za kusubiri Dar, najua zinakukera, lakini ningekuwa wewe nisingezigusa. Unatua 18:10. Ndege za ndani kwa kawaida hutumia Jengo la Pili la Abiria, na za kimataifa ziko Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa Agosti 2019, kwa hiyo kuna kuhama. Unatakiwa kuwa kaunta saa tatu kabla, yaani karibu saa 3 usiku. Ndege ya Mwanza ikichelewa saa mbili, bado umo salama. Wakala akikuambia kuna ya Mwanza ya baadaye inayokufikisha Dar saa 3 na nusu usiku ili usisubiri sana, kataa. Na mwulize swali moja tu: je, ni tiketi moja yenye namba moja, au ni mbili? Zikiwa mbili, ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, hasara ni yako, na begi utalichukua mwenyewe Dar na kulipeleka upya kaunta.

Wakati wa kurudi ndipo saa 4 na dakika 50 zitaonekana fupi. Utapita uhamiaji Dar, na forodha nao watataka kuona ulichobeba, saa 7 usiku, ukiwa umechoka. Risiti zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mwili wako utakuwa bado uko Guangzhou, ambako ni saa 12 asubuhi, kwa hiyo utajiona macho makavu, kisha usingizi utakukamata ghafla pale kwenye viti vya ndege za ndani. Weka kengele ya simu, na hakikisha simu imerudi kwenye saa za nyumbani.

Kipande cha mwisho, Dar hadi Mwanza, ni kifupi lakini ndicho chenye hali ya hewa yake ya pekee. Ziwa letu hubaki na joto usiku wakati nchi kavu inapoa. Hewa ya baridi ya pande zote hushuka kuelekea ziwani, inakutana katikati, inapanda, na radi zinazaliwa huko gizani. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa. Mwishoni mwa Oktoba mvua za vuli zinaanza, na kukipambazuka mawingu hayo huwa bado yamesimama juu ya maji au yameegemea ufukweni. Ndege ya asubuhi inaweza kuchelewa kuondoka Dar, au kuzunguka kidogo huku juu ya ziwa ikisubiri mvua ipite kwenye barabara ya kurukia. Ukiona mmepita Ukerewe mara mbili, tulia tu.

Shemeji akija kukupokea, mwambie ni tarehe 25, saa 1 na nusu asubuhi, asije jioni. Na aje na gari lenye nafasi nyuma.